DoDAF: lawama kwa mchoro, kazi kwenye jedwali

Marekani ilipovamia Grenada mwaka 1983, wanajeshi wa nchi kavu walipata taabu kuwasiliana na meli za vita kwa sababu redio zao hazikuoana. Aibu ya namna hiyo ndiyo DoDAF, kiunzi cha usanifu (utaratibu wa kueleza mifumo na mawasiliano yake kwa michoro na majedwali) cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani kilichotoka mwaka 2003, inajaribu kuizuia mapema, mambo yakiwa bado kwenye karatasi.

Wanaokipinga wana hoja. Toleo la 2.0 la mwaka 2009 lina aina 52 za michoro na majedwali, na mkandarasi anaweza kujaza makabrasha ili tu alipwe. Tena OV-1, mchoro wa picha ya jumla ya operesheni wenye ndege, setilaiti na miale ya radi, haujawahi kurekebisha redio hata moja.

Ila toleo hilohilo linasema chagua kinachofaa kwa shabaha yako, na linatanguliza data kuliko picha. Anayechora zote 52 kajitakia.

Uhondo wenyewe uko kwenye OV-3, jedwali la taarifa zinazopitishwa katika operesheni (OV ni upande wa operesheni, SV ni upande wa mifumo). Kila mstari wa jedwali hilo hutaja taarifa, anayetuma, anayepokea, ukubwa, muda na kiwango cha siri. Tuseme picha ya droni ya megabaiti 2 imfikie kamanda ndani ya dakika 2. SV-6, jedwali la taarifa zinazopita kati ya mifumo, huuchukua mstari huo na kuuliza: kwa chombo gani? Kwa redio ya kilobiti 16 kwa sekunde. Haya, piga hesabu: megabaiti 2 ni kilobiti 16,000, yaani sekunde 1,000, karibu dakika 17. Adui keshahama! Inatakiwa zaidi ya kilobiti 133 kwa sekunde, kabla hujahesabu usimbaji na pakiti zinazorudiwa. Leo kosa hilo linasahihishwa kwa kubadili mstari mmoja. Redio zikishanunuliwa, ni zabuni upya.

Na mistari ni mingi. Mifumo 10 ina jozi 45 zinazoweza kuunganishwa. Mifumo 40 ina 780. Nani atazibeba kichwani?

Kinachoua kazi hii ni kuichora kwa programu ya slaidi: jina la mfumo linabadilishwa kwenye SV-1, mchoro wa mifumo na viunganishi vyake, SV-6 inabaki na la zamani, na mafundi wanaacha kuiamini. Weka yote kwenye hifadhidata moja, anza na OV-3, kisha SV-6. OV-1 ichorwe mwisho, muda ukibaki.