Mpeni usukani mafuta yakiwapo

Kila nikigusa mambo ya kanisa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha watu wa Njoro, kaunti ya Nakuru, hakosekani mmoja wa kuniambia, "Dada, Kanada imekuharibu." Juzi niliuliza tu: mbona mama mwinjilisti wa Kiogiek wa kule juu, upande wa Mariashoni katika msitu wa Mau, hajapelekwa chuo cha theolojia hadi leo, ilhali vijana wa mjini wanaokwenda na kurudi na kola ya ukasisi amewafundisha Shule ya Jumapili yeye mwenyewe? Nikaambiwa naleta mambo ya wazungu. Mwingine akaongeza kuwa mwanamke kusimama madhabahuni si mila yetu. Basi leo naandika kwa kirefu, maana ujumbe wa simu haubebi haya yote.

Tuanze na hilo la uzungu tulimalize. Mwaka 1983 Askofu wa Kianglikana Henry Okullu wa Maseno Kusini, dayosisi yenye makao yake Kisumu, alimwekea mikono Lucia Okuthe akawa kasisi. Wakati huo Kanisa la Uingereza, lile lile lililotuletea Kitabu cha Sala, halikuwa na kasisi mwanamke hata mmoja. Wa kwanza wao walipata daraja hilo mwaka 1994. Kisumu ilitangulia kwa miaka 11, kwa hiyo kama kuna aliyemwiga mwenzake, si sisi. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1963, Gaudencia Aoko alikuwa akizunguka Nyanza akihubiri na kubatiza. Yeye na Simeo Ondeto ndio walioianzisha Legio Maria, kanisa la Kiafrika lililojitenga na Katoliki, na watu wakawafuata kwa maelfu. Baadaye Aoko alijitenga na wenzake, lakini umati ule ulipomfuata haukuuliza kwanza kama ni mwanamume.

Njooni hata kwetu kwa mama yangu, Butere. Mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya. Januari mwaka huo huo Emily Onyango alikuwa ameshawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo. Shangazi zangu, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya chumvi ya mboga, walishona sare na kuchangishana nauli ya matatu kwenda kumwona askofu wao. Sikusikia hata mmoja wao akilalamikia mila.

Lakini yatazameni vizuri majina hayo. Ongezeni na Nyambura Njoroge, aliyepata uchungaji katika PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, mwaka 1982. Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu. Jamii zenye watu wengi, zenye maaskofu, zenye wabunge, zenye wasomi wa kuandika barua makao makuu. Nafurahi kwa ajili yao, na kwa sababu na mimi ni wa jamii mojawapo sitajifanya sijafaidika. Ninachouliza ni habari ya mwanamke wa jamii ndogo kama Waogiek, watu wa msitu wa Mau. Kasisi wa kike wa Kiogiek mimi sijabahatika kumwona. Anayemjua anitajie, nitampongeza hadharani.

Kwa wasiomjua, acheni nimweleze mama huyu. Jina lake silitaji kwa sababu hakuniomba nimtetee. Kanisa lake ni la mabati, na ufunguo anakaa nao yeye. Jumapili nyingi ndiye anayehubiri, kwa sababu kasisi ana makanisa mengi, na mvua ikinyesha barabara ile haipitiki. Kasisi akifika anahubiri kwa Kiswahili, na mama anasimama kando yake kutafsiri kwa Kiogiek. Nilipokuwa kwenye kwaya tulipanda huko mara kadhaa, na hakuna kitu nilichokipenda kama kuwatazama wale wawili. Kasisi anasema sentensi mbili, mama anasema tano. Waumini wanacheka, wazee wanatikisa vichwa kwa kukubali, kasisi anatabasamu bila kujua kilichochekesha. Mahubiri yaliyosikika siku hizo yalikuwa ya mama. Yaliyoandikwa kwenye kitabu cha ibada ni ya kasisi.

Akifa mtu wa kawaida, mama anazika. Akifa mwenye gari, kasisi anapanda kutoka mjini na mama anapewa kusoma somo la kwanza. Mshahara hana. Krismasi anapelekewa sukari na unga wa ngano, na picha inapigwa.

Na msidhani kazi yake inaishia kanisani. Watu wake ni wale walioishtaki serikali mpaka Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza msitu wa Mau. Juni 2022 mahakama hiyo hiyo ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na ardhi ya mababu zao ipimwe na kuandikwa kwa jina la jamii. Utekelezaji unajikokota, mnajua wenyewe. Katika mahangaiko hayo yote chumba kikubwa ni kanisa, kwa hiyo mikutano hufanyika mle, na anayejua familia ipi ilivunjiwa nyumba na mzee yupi alizikwa wapi kabla ya kuhamishwa ni yule mwenye daftari la ubatizo na la mazishi. Huyo kwetu anaitwa "msaidizi".

Sasa nije huku. Naishi Winnipeg, Kanada, nafanya kazi katika makao ya wazee, na nasali katika kanisa la United Church, kanisa kubwa la Kiprotestanti la huku. Mchungaji wetu ni mwanamke wa Kianishinaabe, mmoja wa watu walioikalia nchi hii kabla ya mzungu kuteremka melini. Watoto wa jamii hizi zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizolipiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa, likiwamo hili ninalosali, wakakatazwa hata kuzungumza lugha zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mchungaji wetu anapofukiza majani makavu mwanzoni mwa ibada, kama walivyofanya bibi zake, wazee wanyamazao pale mbele wanakumbuka vizuri enzi ambazo mtoto angechapwa kwa jambo hilo.

United Church iliomba radhi mwaka 1986, huko Sudbury, Ontario. Wazee wa jamii za kiasili wakaipokea radhi bila kuikubali. Wakapanga mawe ya kumbukumbu na kuyaacha makusudi bila kuyamaliza. Kusema kweli nawahusudu kwa hilo. Kwetu askofu akishatamka neno "samahani" chai inaletwa papo hapo, na ole wake atakayesema bado anafikiria.

Vyeo vikafuata. Mwaka 1992 Stan McKay, wa jamii ya Wakree, alikuwa mtu wa kwanza wa jamii za kiasili kuchaguliwa moderata, yaani kiongozi mkuu, wa kanisa hili. Mwaka 2022 akachaguliwa Carmen Lansdowne, mwanamke wa taifa la kiasili la Heiltsuk, aliyeongoza hadi 2025. Waanglikana nao waliunda dayosisi ya Mishamikoweesh mwaka 2014 kwa ajili ya jamii za kiasili za kaskazini, na askofu wake wa kwanza akawa Lydia Mamakwa.

Najua mtakavyosema: haya basi, huko wenzetu wameendelea. Ngojeni kidogo.

Katikati ya miaka ya 1960 United Church ilikuwa na washiriki zaidi ya milioni moja. Leo hawafiki nusu ya hao. Makanisa yanauzwa na kugeuzwa nyumba za kupanga. Katika mkutano wetu wa mwaka mchungaji hakusimama na maono wala mpango wa miaka mitano. Alisimama na bili ya boila, mtambo wa kupasha jengo joto. Akaisoma tarakimu kwa tarakimu, akavua miwani, akauliza kama kuna mwenye fundi anayemfahamu. Waliokuwa ukumbini ni wazee wenye mvi, Wafilipino, sisi Wakenya na Wanigeria. Mchungaji huyu aliitwa kanisani kwetu baada ya fedha za kumlipa mchungaji wa kudumu kuisha, kwa hiyo analipwa nusu ya muda, ila mazishi hayamjii kwa nusu. Na kule kaskazini makasisi wengi wa jamii za kiasili hawalipwi kabisa. Kola wanayo, mshahara hawana. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka mama wa Mariashoni na ule unga wake wa ngano.

Hicho ndicho ninachotaka kusema, na ndiyo maana sikubali kuambiwa nimekuja kuwauzia Kanada. Kanada ilimpa mwanamke wa jamii iliyoonewa usukani wakati gari limeishiwa mafuta. Miaka yote ambayo makanisa haya yalijaa, yalipokuwa na shule, fedha na sikio la serikali, alikaa kiti cha nyuma kama hakuja. Simdharau Lansdowne wala mchungaji wangu, maana wanafanya kazi ngumu kwa heshima kubwa. Ila waliokaa usukanini kabla yao walishuka wakiwa wameshiba.

Nyumbani gari bado lina mafuta. Jumapili Nakuru watu wanasimama nje kwa kukosa viti. Sadaka inaingia kwa M-Pesa. Makanisa yana viwanja, shule, zahanati, na mwanasiasa hapiti bila kusalimia. Na hapo ndipo naona sababu hasa ya huyu mama kukaa miaka yote bila chuo. Mila mnaipachika juu tu. Akishakuwa kasisi ataingia kwenye vikao, na vikao ndivyo vinavyoamua fedha za parokia zinakwenda wapi na kiwanja kipi kinaandikwa kwa jina la nani. Katika parokia niliyokulia, kamati ya maendeleo ilikutana chumba cha nyuma, wanaume watupu, na akina mama waliochanga sehemu kubwa ya fedha zenyewe walikuwa nje wakiinjika sufuria. Mlango ulifunguliwa wakati wa kuingiza chai.

Nimeambiwa pia kwamba hana cheti cha kidato cha nne. Kweli, hana. Shule ya sekondari ilikuwa mbali na karo ilikuwa ya kaka zake. Lakini hapa kuna kitu kimoja cha Kanada ambacho ningekipakia kwenye mzigo nikakileta. Nje kidogo ya Winnipeg, karibu na Beausejour, kando ya mto Brokenhead, kuna kituo kinachoitwa Sandy-Saulteaux. Sehemu ya jina hilo ni ya Jessie Saulteaux, mwanamke mzee wa Kiassiniboine, jamii nyingine ya kiasili, aliyetaka watu wake wafundishwe uchungaji kwa njia wanayoielewa. Wanafunzi hawahami makwao miaka mitatu. Wanaendelea kuhudumu katika jamii zao, kisha wanakutana kituoni kwa vipindi, wanakaa kwa duara, wazee wakiwa miongoni mwa walimu. Mama wa makamo mwenye wajukuu anasoma hivyo mpaka anapata daraja. Kwetu mafunzo ya theolojia kwa masafa yapo tangu zamani, kwa hiyo hakuna la ajabu ninaloliomba. Tatizo ni kwamba tunayachukulia kama njia ya kupoza watu wabaki wainjilisti, badala ya njia ya kufikia ukasisi.

Hoja nyingine, kwamba kanisa dogo la msituni haliwezi kumlipa kasisi, nashangaa inatoka kwa watu wale wale walionipangia mchango wa kununua gari la kasisi wa mjini. Gari zima! Parokia inayoweza kununua gari inaweza kumlipa mama mmoja anayetembea kwa miguu.

Kwa habari ya mchango huo, mhazini ameniandikia mara nyingi. Nimemjibu kwamba kiasi nilichopangiwa nitatoa chote, ila kiandikwe karo ya mama mwinjilisti, na nitatuma tu nikiona barua ya parokia inayompendekeza kwa askofu. Wengine walio Minnesota na Uingereza wamesema watafanya vivyo hivyo. Mnaweza kutukasirikia, tumezoea. Kikao cha parokia kikikaa, liwekeni jambo hili kwenye ajenda, mtumieni nauli mapema ashuke awepo, akae mezani na kalamu yake. Chai ya siku hiyo ipikwe na mtu mwingine.