Korongo letu ndilo mfereji wetu

Wiki iliyopita mpwa wangu wa darasa la sita alikuja na daftari la kazi ya nyumbani. Ameambiwa aeleze faida za Mfereji wa Suez na Mfereji wa Panama. Majibu alikuwa nayo tayari: kufupisha safari za meli, kukuza biashara, ajira. Alipomaliza kuandika akanyanyua kichwa. "Mjomba, mbona sisi Dodoma hatuna mfereji?"

Nikamwambia tunao. Akacheka, akidhani nasema mtaro wa barabarani.

Nilimaanisha korongo. Lile linalopita nyuma ya mtaa wetu, ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo na mbuzi wanakatiza, halafu kuanzia Desemba linaweza kushusha maji ya kubeba gari. Kwa wengi wetu lile ni jalala. Kwa wenye malori ni machimbo. Mimi naamini ndiyo miundombinu ya maji muhimu kuliko yote tuliyonayo katika jiji hili, na tunaiharibu kwa mikono yetu huku tukisubiri maji ya mbali.

Tuanze na mahali penyewe tulipokaa. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hapa ndipo maji huagana. Mvua inayoangukia mashariki inaingia mto Kinyasungwe, inapita Gulwe, ikifika Kilosa inaitwa Mkondoa, na inaingia baharini kwa jina la Wami. Inayoangukia kusini inashuka kwenye bwawa la Mtera, inazungusha mitambo ya umeme na kuendelea hadi Rufiji. Inayoangukia magharibi, pamoja na ile ya mto Bubu unaotoka huko Kondoa, inakwenda kufia Bahi, kwenye mbuga isiyo na mlango wa kutokea. Pale jua ndilo linalomaliza kazi. Mawingu mamoja, njia tatu, na sisi katikati tunabaki na mchanga.

Wafaransa nao wana mahali pa namna hii, panaitwa Naurouze. Upande mmoja maji huelekea Bahari ya Atlantiki, upande mwingine Mediterania. Kwa miaka mingi watu waliota kuziunganisha bahari hizo mbili kwa mfereji, na kila mara ndoto iligota palepale: kuchimba wataweza, ila pale juu kabisa maji ya kuujaza mfereji yatoke wapi? Aliyelijibu swali hilo hakuwa mhandisi. Alikuwa Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi kutoka Béziers. Aliona kwamba vijito vya Montagne Noire, milima iliyo jirani, vinaweza kukusanywa na kuletwa Naurouze, kisha maji yagawanywe pande zote mbili. Akajenga bwawa kubwa la Saint-Ferréol kuyahifadhi. Mfereji ule, Canal du Midi, wenye kilomita 240 kutoka Toulouse hadi pwani ya Sète, ulifunguliwa mwaka 1681. Riquet alikuwa amefariki miezi michache kabla. Lakini maji yake bado yanashuka mpaka leo.

Panama ni habari hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. Watu hudhani meli inapita pale kwa maji ya bahari. Hapana. Meli inapandishwa kama kwa ngazi, kutoka chumba kimoja cha zege chenye malango hadi kingine, mpaka Ziwa Gatún lililo mita 26 juu ya bahari, inalivuka, kisha inateremshwa upande wa pili. Ziwa hilo ni mto Chagres uliozuiwa kwa bwawa, yaani ni maji ya mvua. Kila meli inayopita kwenye malango ya zamani inaondoka na takribani lita milioni 200 za maji matamu kwenda baharini. Ukame wa 2023 ulipolishusha ziwa, ikabidi wapunguze meli kutoka kama 36 kwa siku hadi 24 mwanzoni mwa 2024. Meli za mabilioni zikapanga foleni kusubiri mvua, kama sisi tunavyosubiri. Ndiyo maana wenzetu wa Panama waliifanya misitu ya mto Chagres kuwa hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1980. Wanajua kwamba mfereji wao unaanzia huko porini.

Hata Suez, usio na malango kwa sababu bahari zake mbili karibu zinalingana, haukuchimbwa hivihivi. Jangwani maelfu ya vibarua wangekufa kwa kiu. Kwanza ukachimbwa mfereji mdogo wa maji matamu kutoka Nile, miaka ya mwanzo ya 1860, na ndio ulioufanya mji mpya wa Ismailia uweze kuishi. Ule mkubwa wa chumvi, ambao mpwa wangu anafundishwa, ulifunguliwa Novemba 1869. Huu mdogo haumo kwenye daftari lake. Nilimwomba auongeze, akasema mwalimu hajautaja.

Mimi nilijifunza mfereji Bahi. Mama mkubwa ana majaruba mawili ya mpunga kule, na mwaka mmoja mgongo ulipomsumbua nilikwenda kumshikia zamu ya kusafisha mfereji. Kila mwenye jaruba anapimiwa hatua zake. Za mama mkubwa zilikuwa kumi na tano. Nilipozitazama niliona ni kazi ya saa moja. Juu palikuwa na mchanga mkavu uliotoka vizuri kwa sepeto. Chini ya mchanga tope jeusi lililoshikana, na ndani ya tope mizizi ya matete iliyosukana kama mkeka, haikatwi kwa sepeto wala kwa jembe la kawaida. Unaingiza panga, unakata vipande kama tofali, unavitoa kimoja kimoja. Hadi saa sita nilikuwa nimefika hatua ya saba.

Mzee anayesimamia zamu akapita na fimbo yake. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaitikia, akaichomeka fimbo kwenye sakafu ya mfereji hatua kwa hatua. Mahali pamoja akasimama. "Bwana mdogo, hapa maji yatalala." Nilidhani ananionea, maana kwa macho palikuwa sawa. Akaniwekea kiganja chake kwenye fimbo kunionyesha: pameinuka kwa upana wa vidole vinne. Nikarudia.

Januari mto ulipojaa na banio, lango la kuingizia maji mferejini, likafunguliwa, nilikuwepo. Maji ya kwanza hayaji masafi. Yanakuja na povu la kahawia, majani makavu, mavi ya mbuzi, na mbele yake panzi wanaruka kuyakimbia. Yalipofika kwenye hatua zangu niliyatembelea pembeni kama mtu anayemsindikiza mgeni. Pale kwenye vidole vinne hayakulala. Yakapita.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu mjini hatuna mzee mwenye fimbo. Mjini tunajenga, tunapiga picha, tunaondoka.

Sasa nirudi kwenye korongo letu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ambayo Dodoma imekunywa kwa miaka mingi yanatoka kwenye visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vimewafundisha watafiti jambo ambalo kila mkazi wa jiji hili angepaswa kulijua kama anavyojua jina la mtaa wake. Maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Miaka mingi inapita yakishuka tu, kidogo kidogo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, na ndani ya miezi michache hazina inapanda. Na njia mojawapo kuu ambayo maji huzamia ni kwenye vitanda vya mchanga vya mito ya msimu. Yaani makorongo. Mchanga ule ndio mlango.

Wazee wetu hawakuhitaji vipimo kulijua hilo. Kiangazi kikikaza utawaona akina mama vijijini wamepiga magoti katikati ya korongo, wanafukua mchanga kwa mikono na kopo, dhiraa moja, mbili, mpaka ukuta wa shimo unaanza kutoa jasho. Wanasubiri. Kopo linajazwa nusu nusu. Maji yale yamechujwa na mchanga na yamekingwa na jua, ambalo kwenye bwawa la wazi lingeyanywa yote.

Basi angalia tunachofanya. Mji umekua kwa kasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika jiji la Dodoma, ya 2022 ikahesabu 765,179. Wote hao wanahitaji nyumba, na nyumba inahitaji mchanga. Malori yanashuka korongoni alfajiri na kutoka yamejaa. Siwalaumu vijana wanaopakia. Ni mkate wao. Lakini ukiondoa mchanga hadi ukafika kwenye udongo mgumu, umeng'oa mlango. Mvua kubwa ijayo itateleza juu yake kwenda zake.

Na mtaani tunafanya kinyume chake lakini matokeo ni yale yale. Kwetu mkandarasi mmoja alijenga mtaro mzuri wa zege, wima na laini, ukaishia katikati ya mteremko. Hapakuwa na mita moja ya ziada ya kuyapokea maji. Msimu wa kwanza yalishuka kwa nguvu zote, yakachimba ukingo na kuondoka na choo cha jirani yangu pamoja na ukuta. Sasa pale pana genge lenye kina cha mtu mzima. Yale maji, kama yangepunguzwa mwendo, yangezama. Tuliyalipia zege ili yatoroke haraka zaidi.

Yanatorokea wapi? Mengi yanakwenda Hombolo, bwawa lililojengwa miaka ya 1950, na udongo wetu yanakwenda nao. Bwawa la Ikowa la enzi hizohizo limekuwa mfano wa vitabuni wa bwawa lililojaa tope kabla ya wakati wake. Mbele zaidi, maji yanafuata bonde la Kinyasungwe na Mkondoa, njia ileile ambayo reli ya kati ilipandia hadi ikafika Dodoma mwaka 1910. Reli ile ndiyo mfereji wetu wa meli, kama ule wa Erie kule Marekani ulioifanya Buffalo kuwa mji. Kabla yake misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo kwa miguu na kuwalipa watemi hongo, na kisima kilikuwa sehemu ya bei. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Tope lililoteremka huko halikutoka mbinguni, lilitoka kwenye miteremko kama yetu.

Kuna mpango wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria mpaka hapa. Yamekwishafika Shinyanga, yakafika Tabora. Siupingi mpango huo hata kidogo. Jiji la ukubwa huu haliwezi kuishi kwa visima peke yake. Ila tukumbuke hesabu yake. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, karibu sawa na sisi, lakini katikati yetu kuna Singida iliyoinuka kama mita 1,500. Kila ndoo itabidi isukumwe kwa umeme kupanda mlima ule, siku zote, milele. Maji ya korongo yanakuja yenyewe mlangoni. Hayatutoshi, lakini hayana bili.

Ninachotaka si kikubwa. Makorongo yanayolisha Makutupora yawekewe mipaka, na mchanga uchimbwe kwingine. Mitaro ya mjini iishie kwenye mabwawa madogo ya kuyatuliza maji, si kwenye choo cha mtu. Na vile vikuta vifupi vya kukinga mchanga ambavyo majirani zetu wa Kitui na Machakos, Kenya, wamejenga kwa mamia, tuvijenge huku pia. Juu kwenye miteremko tusaidie wanaofanya Kisiki Hai, wanaoacha visiki vichipue badala ya kung'oa. Kondoa walionyesha tangu mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) wa 1973 kwamba ardhi iliyochanika inaweza kushonwa, ingawa walilipa gharama kubwa: mwaka 1979 mifugo ilihamishwa yote kwenye vilima vile, na wapo wanaoukumbuka uchungu huo mpaka leo.

Nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa. Ameniita, tumezungumza kibarazani kwake, na ameniwekea nafasi kwenye mkutano wa mwezi huu, ajenda ya tatu, baada ya taka na ulinzi shirikishi. Nitakwenda na mpwa wangu. Amechora ramani yenye mishale mitatu, na kwenye korongo letu ameandika kwa kalamu ya bluu: mfereji.