Barua ya Mfalme ya Kukaa Nyumbani

Mtu akisikia "mwenye ardhi wa Uskoti, karne ya 16" anadhani huyo alikuwa anakula raha tu. Thubutu! Mbiu ya mgambo ikilia pale msalaba wa sokoni, ambapo matangazo ya mfalme yalisomwa, wanaume wote wa miaka 16 hadi 60 watoke kwenda vitani, kila mmoja na silaha zake na chakula chake, mara nyingi cha siku 40. Chake! Vita aanzishe mfalme, unga utoke ghalani kwako. Usipotokea, tangazo linasema adhabu ni uhai, ardhi na mali. Yaani wakishakumaliza wewe, wanaswaga na ng'ombe.

Sasa wewe una jongo. Kidole gumba cha mguu kimevimba, kinawaka, buti haiingii, hata shuka ikikigusa unapiga yowe. Kumtuma kijana akaseme "mzee hajiwezi" hakusaidii kitu. Inatakiwa barua ya mfalme mwenyewe, ya kukusamehe ukae nyumbani.

Barua yenyewe karatasi moja tu, lakini isome neno kwa neno kabla lakiri haijagongwa. Ikisema umesamehewa "jeshi" peke yake, umekwisha. Bado kuna misafara ya kivita ya mpakani, bado kuna ukaguzi wa silaha, bado kuna kuitwa mahakamani kukaa na wazee wa baraza kuamua kesi, na huko mkimwachia mtuhumiwa kwa makusudi mnageuka washtakiwa ninyi. Kwa hiyo vyote vitajwe, kimoja kimoja, na iandikwe "siku zote za maisha yake", la sivyo mwakani utaanza upya kuombaomba, na ada za muhuri ulipe tena.

Halafu sahihi. Mwaka 1567 James VI alitawazwa mfalme wa Uskoti mjini Stirling akiwa na umri wa miezi 13. Barua inatoka kwa jina lake, inaongea kwa "sisi", imejiridhisha kabisa na ugonjwa wako, na huyo "sisi" hata kutembea hajui! Anayetia sahihi ni mlezi wa ufalme, yaani anayetawala kwa niaba ya mfalme mtoto. Mlezi wa kwanza alipigwa risasi 1570, wa pili naye akauawa 1571. Hebu niambie, hapo unamfuata nani?

Ukiipata, itunze pakavu. Liwali hana habari na kidole chako. Anataka kuona karatasi na nta nyekundu, na kila mbiu ikilia unaitoa tena. Na usishangilie mapema, maana barua nyingine zilimsamehe mzee tu: mwanao na wapangaji wako waende vilevile, na chakula chao kitoke palepale ghalani.

Cha kuudhi zaidi ni mazoezi ya upinde. Sheria ya 1457 ilimtaka kila mwanamume apige mishale isiyopungua 6 kila Jumapili kanisani kwake. Asiyefika anatozwa peni 2, na hizo peni wanapewa waliofika wakanywe! Wewe unaugulia mguu, jirani anakunywa faini yako. Sheria hiyohiyo ikapiga marufuku mpira na golfu, watu wasiache upinde. Mfalme James IV akaikazia tena 1491. Mwaka 1502 huyohuyo akamlipa fundi pinde wa Perth shilingi 14. Si za pinde, ni za vigongo vya golfu.