Butiloda ikifungwa, hiyo rauta si yako

Mwaka juzi nilikuwa naweka OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea rauta, badala ya ule wa kiwandani) kwenye rauta ya mtumba niliyoiokota Kariakoo, famwea (programu inayoendesha kifaa) ndo kwanza inaandikwa kwenye fleshi (kumbukumbu ya ndani), LUKU ikaisha. Pap, giza. Na nilijua kabisa yuniti zimebaki kiduchu, uvivu tu. Nimenunua umeme, nimewasha, inawaka taa moja basi, Wi-Fi hakuna, ukurasa wa kuingilia haufunguki. Jirani yangu fundi simu akaiangalia akasema hiyo ishakufa, tupa.

Wala haikufa. Iliyokatika katikati ni OpenWrt, ila U-Boot ilikuwa nzima. U-Boot ndo butiloda yake, kile kiprogramu kinachoamka kwanza kabisa ukiwasha, kinaandaa RAM, kinaitafuta kerneli (kiini cha mfumo) kwenye fleshi halafu kinaiachia usukani, na kinakaa kwenye sehemu yake peke yake ambayo mimi sikuigusa. Basi nikafungua boksi, nikatafuta vile vitundu vya seriali (vya kuongea na rauta kwa maandishi kutoka kwenye laptop), nikachomeka waya wa volti 3.3 (oya, wa volti 5 utaunguza chipu), spidi 115200, maandishi yakaanza kushuka. Nikawahi kubonyeza kitufe kabla ile hesabu ya sekunde za U-Boot kusubiri haijafika sifuri, nikaivuta famwea kutoka kwenye laptop kwa TFTP, njia nyepesi ya kurusha faili kwenye mtandao. Robo saa hivi, mgonjwa kaamka.

Sasa nikisikia watu wanabishana OpenWrt kali au DD-WRT (famwea nyingine ya namna hiyo) kali nachoka kidogo, maana swali la kwanza ni nani ana funguo za huko chini kwenye butiloda.

Maana sosi kodi (maandishi yaliyotengenezea programu) peke yake haitoshi. Linksys walitoa rauta ya WRT54G mwishoni mwa 2002, watu wakachungulia wakakuta Linux (mfumo huria wa kompyuta) ndani, na leseni ya GPL inasema ukisambaza programu utoe na sosi kodi yake, kelele zikapigwa, 2003 wakaiachia, Januari 2004 OpenWrt ikaanzia hapo. Safi sana. Ila siku hizi unaweza kupewa sosi kodi yote, ukaibadilisha utakavyo, halafu chipu ikakagua sahihi ya kidijitali ikakuta siyo ya kiwanda, ikagoma kuwaka. GPL toleo la 3 la 2007 lilijaribu kuliziba tundu hilo, lakini Linux na U-Boot zote zimebaki na toleo la 2.

Najua watu wa usalama watasema kufuli linazuia wezi wasikupandikizie famwea chafu. Kweli, sibishi. Lakini mlango wa nyumba yangu una kufuli na funguo ninazo mimi, fundi aliyeuchonga hana. Nipe swichi au kitufe cha ndani ya boksi, anayetaka kugusa afungue skrubu kwa mkono wake, mwizi wa mtandaoni ataifikiaje? Na inawezekana, rauta ya OpenWrt One iliyotoka 2024 imefanya karibu hivyo hivyo: ina fleshi mbili, ya NAND ya MB 256 ndo ya kila siku, na ya NOR ya MB 16 ina mfumo wa kuokolea, ukiharibu unasogeza swichi unawasha kutoka kwenye ile ya pili. Kama ningekuwa nayo siku ile, LUKU ingeisha na nisingetafuta hata bisibisi.

Kwetu hili linauma zaidi, kwa sababu rauta nyingi tunazopata ni za 4G zilizofungwa laini moja, mkataba ukiisha au ukihama mtandao inabaki pambo, na kiwanda kikiacha kutoa apdeti ndo basi, matundu ya usalama unabaki nayo wewe.

Ninayo moja hivyo, nimeilipia hela yangu yote. Iko juu ya kabati. Kila baada ya miezi kadhaa naishusha naichomeka seriali, maandishi yanashuka vizuri tu, hesabu inaanza, nabonyeza kitufe, nabonyeza tena. Haisikii.