Mfuko wa nyota na mfuko wa Dunia ndani ya ESA

Mawaziri wa nchi wanachama wa Shirika la Anga la Ulaya, ESA, walipokutana Bremen, Ujerumani, Novemba 2025, waliidhinisha takribani euro bilioni 22 kwa miaka mitatu. Fedha hizo haziingii kwa njia moja. Programu ya Sayansi, inayotuma darubini angani na vyombo kwenye sayari, huchangiwa kwa lazima na kila nchi kwa kadiri ya pato lake, ilhali programu za kuiangalia Dunia ni za hiari na kila nchi hutoa inachotaka. Ndipo wakosoaji wanapouliza kwa nini nyota zihakikishiwe riziki huku setilaiti za mafuriko na ukame zikiombewa.

Swali hilo si la kubezwa. Rada ya Sentinel-1, jozi ya setilaiti za Ulaya za kuiangalia Dunia, huiona ardhi usiku na kupitia mawingu, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Sentinel-1B ilipoharibika Desemba 2021 kwa hitilafu ya umeme, mwenzake ilibaki peke yake kwa takribani miaka mitatu. Hata hivyo, pengo hilo halikutokana na nyota kula fedha za Dunia: lilirefuka kwa sababu roketi ya Vega-C, iliyotarajiwa kuirusha setilaiti mbadala Sentinel-1C, ilishindwa safari yake ya Desemba 2022, na Sentinel-1C ikapaa miaka miwili baadaye.

Wanaoiita sayansi ya anga anasa mara nyingi hawajaitazama hesabu ya Gaia, darubini ya ESA ya kupima nyota. Chombo hicho kilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 19 Desemba 2013, kikafanya kazi umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na kilipokoma kupima Januari 2025 kilikuwa kimeandika mahali na mwendo wa nyota karibu bilioni mbili. Mtangulizi wake, Hipparcos, aliishia takribani 118,000. Gaia iliigharimu ESA kama euro milioni 740, yaani chini ya nusu ya euro kwa nyota moja. Hesabu hii ina udhaifu, kwa kuwa haijumuishi mamia ya wataalamu waliochakata data kwa fedha za nchi zao. Lakini hata gharama hiyo ikizidishwa mara mbili, bado haifikii euro bilioni 2.3 za Envisat, setilaiti ya kuiangalia Dunia iliyonyamaza ghafla Aprili 2012. Envisat haikuwa hasara, maana ilidumu miaka kumi badala ya mitano iliyopangiwa. Ninachokataa ni dhana kwamba nyota ndizo ghali.

Tena data ya Gaia haikufungiwa kwanza ili wenyewe waifaidi: ilipotolewa, mwanafunzi wa Dodoma angeweza kuipakua siku ile ile na profesa wa Leiden, Uholanzi. Euclid nayo, darubini iliyopaa Julai 2023 kuchunguza maada ya giza (isiyoonekana ila kwa mvutano wake) na nishati ya giza (inayodhaniwa kuharakisha kutanuka kwa ulimwengu), hujielekeza angani kwa kutumia orodha ya nyota za Gaia.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kutetea michango ya lazima ni ya muda. Rosetta, safari ya chombo cha ESA kwenda kwenye nyotamkia, iliidhinishwa mwaka 1993, ikapaa Machi 2004, ikaifikia nyotamkia 67P Agosti 2014. Katika miaka hiyo zaidi ya ishirini serikali zilibadilika, na msukosuko wa fedha wa 2008 ukapita katikati. Kama kila baada ya miaka mitatu mawaziri wangeulizwa iwapo bado wanaitaka safari hiyo, sidhani kama ingefika.

Wakosoaji watajibu kwamba vipimo vya tabianchi navyo ni kazi ya miongo, na hapo wako sahihi: usawa wa bahari umepimwa na setilaiti bila kukatika tangu 1992, na mfululizo huo ukikatika hauungwi tena. Lakini hoja hiyo inadai mfuko wa Dunia upewe uhakika ule ule, wala haidai mfuko wa sayansi upunguzwe. Kikwazo ni kwamba kila nchi italazimika kulipia setilaiti ambazo leo ina hiari ya kuzikataa, na sijaona serikali nyingi zilizo tayari kuiachia hiari hiyo.