Brentford nao walikuwa matajiri?

Mwandishi, kwenye makala yako unasema kutumia data kusajili wachezaji ni mambo ya timu zenye hela, hapo nimekataa kaka. Brentford ya England je? Mmiliki wao Matthew Benham hela kaipata kwenye kubeti, ila sio mikeka yetu hii ya mechi 15 inachanwa na timu moja, yeye ana kampuni nzima ya watu wa hesabu. Hesabu hizo akazihamishia kwenye usajili wa klabu, hawahesabu mabao tu, wanapima kila nafasi ilikuwa na uwezekano gani wa kuwa goli, ndo wakamchukua mshambuliaji Ollie Watkins pale Exeter daraja la nne 2017, 2020 wakamuuza Aston Villa kwa faida ya kufa mtu, 2021 hao Ligi Kuu baada ya miaka 74. Huku kwetu usajili bado klipu ya dakika 3 na maneno ya wakala 😂