Kumlinda ngolaga hakutoshi kumlinda chozi

Katika kikao kimoja cha uhifadhi nilichohudhuria, mzungumzaji aliwahakikishia wanakijiji kwamba ngolaga, aina ya kima, wakishalindwa, ndege wa msitu wa Mwanihana, akiwemo chozi, ndege mdogo afyonzaye maua, nao watakuwa salama. Watu walipiga makofi. Mimi niliondoka na uchungu, kwa sababu kauli ile inafanya ulinzi wa viumbe wawili kuwa kazi moja, ilhali maisha yao ni mbalimbali.

Wanasayansi walimtambua ngolaga mwaka 1979, na chozi mwenye mabawa ya rangi ya kutu akafuata mwaka 1981, katika msitu huohuo wa Mwanihana. Wote wawili hawapatikani popote nje ya milima ya Udzungwa nchini Tanzania, na kufanana kwao kunakomea hapo. Ngolaga hutumia sehemu kubwa ya siku ardhini, akifukua majani makavu kwa vidole na kuvunja mbegu ngumu kwa meno, na kushuka huko ndiko kunakomfikisha kwenye mitego ya waya. Chozi hana shida na mtego huo. Dume lake, ambaye kichwa humetameta buluu na zambarau jua linapompiga, hufyonza maua kwa mdomo uliopinda, na adui yake ni panga linaloangusha miti na mimea itambaayo yenye maua hayo.

Tazama Uzungwa Scarp, msitu mwingine wa milima hiyohiyo, ambako wawindaji wamewamaliza mbega wekundu kwa kiasi cha kutisha huku miti mingi ikiwa bado imesimama. Hesabu ya kima pale haiwezi kukueleza hali ya chozi. Vivyo hivyo, askari wanaweza kung'oa kila mtego na ngolaga wakaongezeka, lakini maua yakizidi kupungua, chozi atatoweka na ripoti zetu zitaendelea kusomeka vizuri.

Nakubali kwamba ngolaga waliozoeshwa watu, pamoja na maporomoko ya maji ya Sanje, huleta watalii, na fedha hizo zinahitajika. Hata hivyo, wanawake waliozuiwa tangu mwaka 2011 kuokota kuni kavu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa wana haki ya kuelezwa kwa ukweli ni nani hasa anayelindwa kwa gharama yao.

Ninachodai ni kwamba chozi ahesabiwe kwa mbinu zinazomfaa, msimu wa maua, na watu wanaoijua sauti yake, wakiwemo vijana wa Sanje na Mang'ula walio jirani na hifadhi, kisha matokeo yasomwe katika vikao vilevile vinavyosomewa idadi ya ngolaga.